Shule tangu 1950, kazi bado: Historia ya vijana wenye ulemavu nchini

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya watoto wasioona Buigiri, mashariki ya Dodoma, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Chamwino. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka na elimu ya watoto hao. Waliobeba mzigo walikuwa watu wa dini. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora. Walutheri nao wakawapokea wasioona Irente, Lushoto.

Shule hizo ziliwatoa wazazi gizani. Mtoto aliyekuwa akifichwa uani wageni wanapofika alirudi likizo akisoma nukta nundu kwa vidole, na kijiji kizima kikaona kwa macho yake kwamba anafundishika. Hata hivyo, ushindi huo ulizaa swali jipya. Wengi walianza shule wakiwa wamechelewa, hivyo walimaliza darasa la saba wakiwa tayari vijana wa kujitegemea. Waende wapi?

Ufundi wapata nafasi

Jibu la miaka ya 1970 lilikuwa ufundi. Chuo cha Yombo, Dar es Salaam, kilipokea vijana wenye ulemavu kutoka mikoa mbalimbali na kuwafundisha kazi kama ushonaji, useremala na uchomeleaji. Orodha ya vyuo vya aina hiyo iliongezeka: Sabasaba Singida, Luanzari Tabora, Mirongo Mwanza, Masiwani Tanga na Mtapika huko Masasi. Baadaye baadhi yake vilichakaa hadi vikafungwa, na ni katika miaka ya karibuni tu serikali imeanza kuvikarabati na kuvifungua tena. Kijana wa Kusini ambaye chuo cha karibu yake kilikuwa kimefungwa hakuwa na njia nyingine ila kusafiri mbali au kukaa nyumbani.

Sheria mbili, asilimia mbili

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na hapa nchini vuguvugu hilo liliacha alama. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mbili: moja ya ajira kwa watu wenye ulemavu, nyingine ya matunzo yao. Ya ajira ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi kwa ajili yao. Ilikuwa hatua ya kujivunia kwa nchi maskini, lakini utekelezaji wake ulisuasua, na waajiri wengi waliendelea na shughuli zao kana kwamba sheria haipo.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria mpya. Kiwango kilipanda hadi asilimia 3, na safari hii kinamhusu hata mwajiri mwenye wafanyakazi 20. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ajira iliacha kuwa hisani ikawa haki, na mwajiri akawajibika kurekebisha mazingira ya kazi. Kiwanda chenye wafanyakazi 100 kinadaiwa nafasi tatu. Hesabu hiyo haimshindi mtu. Kinachokosekana ni wa kuisimamia na kuitangaza.

Fedha zinatoka wapi?

Kwa anayefika chuo kikuu, Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 huwahesabu waombaji wenye ulemavu miongoni mwa makundi ya kupewa kipaumbele. Kwa anayetaka kujiajiri, tegemeo ni halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ukaguzi kufichua kasoro nyingi, vikiwemo vikundi hewa. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda huo wote, fundi mwaminifu mwenye ulemavu aliyehitaji cherehani aliadhibiwa kwa makosa ya wengine.

Mkopo nao una mipaka yake. Kiziwi hawezi kunufaika nao ikiwa hakuna wa kumfafanulia masharti kwa lugha ya alama, wala fundi anayetumia kiti cha magurudumu ikiwa ofisi ya maendeleo ya jamii iko ghorofani. Pale mafunzo, mtaji na soko vilipowekwa pamoja, matunda yameonekana. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kisha ikakua kuwa karakana, duka na mgahawa vinavyoendeshwa na watu wenye ulemavu.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hawa si kundi dogo la kuhurumiwa pembeni. Nchi imeshatunga sheria, imejenga vyuo na imetenga fungu. Sasa wizara yenye dhamana na ajira ichapishe kila mwaka majina ya waajiri waliofikisha asilimia 3 na wale ambao hawajafikisha, na kila halmashauri ibandike ukutani kiasi ilichokopesha kutoka kwenye ile asilimia 2. Nawe mwajiri unayesoma makala haya, hesabu wafanyakazi wako leo. Wakiwa 20 au zaidi, sheria inakuhusu.