Vimeng'enya vilivyofunzwa kuunda asidi amino za kutengenezea dawa

TEMBE za amoxicillin ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi katika zahanati na maduka ya dawa. Wengi wanaozimeza hawajui kwamba dawa hiyo hubeba asidi amino ambayo mwili wa binadamu hauitumii kujenga protini zake, wala kwamba viwanda huipata asidi hiyo kwa msaada wa vimeng'enya, baadhi vikiwa vimebadilishwa umbo na wanasayansi.

Asidi amino ndizo vijenzi vya protini. Viumbe hutumia aina 20 za kawaida, zikipangwa kwa mifuatano mbalimbali kama herufi zinavyopangwa kuunda maneno. Watengenezaji wa dawa, hata hivyo, huhitaji nyingine nyingi. Mwili umezizoea zile 20 na una njia za kuzikatakata upesi. Asidi ngeni ikiingizwa katika dawa, huweza kuifanya idumu zaidi mwilini au kuiwezesha kushika barabara mahali inapokusudiwa kufanyia kazi.

Kulia na kushoto

Ugumu wa kuzipata asidi hizo unatokana na maumbile yake. Karibu kila asidi amino huweza kuwa na maumbo mawili yanayofanana kwa kila hali, ila moja ni kama kiatu cha kulia na lingine kama cha kushoto. Uzani ni mmoja na viambato ni vilevile, lakini kiatu cha kulia hakiingii mguu wa kushoto. Protini za viumbe hujengwa kwa umbo linaloitwa L. Amoxicillin huhitaji umbo la D la asidi iitwayo hydroxyphenylglycine.

Kemia ya kawaida haibagui. Ikiachwa ifanye kazi yenyewe, hutoa nusu kwa nusu ya maumbo hayo. Kuyatenganisha hugharimu fedha na wakati, na nusu isiyotakiwa huenda ikawa taka.

Hapo ndipo kimeng'enya kinapofaa. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, na huwa na kishimo ambamo molekuli huingia na kugeuzwa. Kishimo hicho chenyewe kina upande, hivyo huweza kupokea umbo moja na kulikataa lingine. Tena hufanya kazi ndani ya maji, mara nyingi bila joto kali wala asidi kali.

Taabu ni kwamba vimeng'enya viliumbika kwa mahitaji ya bakteria, kuvu, mimea na wanyama, si ya viwanda. Vikitiwa katika mtambo wenye kemikali nyingi, vingi huharibika upesi au hufanya kazi kwa uzito.

Kuchagua mbegu

Njia iliyoleta mabadiliko makubwa inafanana na kazi ya mkulima anayechagua mbegu bora kila msimu. Mwanasayansi huchukua jeni inayoagiza kimeng'enya, akaifanyia mabadiliko ya kubahatisha na kuiweka ndani ya bakteria. Kila kundi la bakteria hutoa kimeng'enya chenye tofauti ndogo. Vyote hupimwa, kilicho bora huchaguliwa, na jeni yake huwa mwanzo wa mzunguko mwingine.

Mnamo 1993, Frances Arnold wa taasisi ya Caltech nchini Marekani alionyesha uwezo wa njia hiyo kwa kimeng'enya kiitwacho subtilisin. Alitaka kifanye kazi ndani ya kiyeyusho cha kemikali ambacho kwa kawaida hukidhoofisha. Baada ya vizazi vitatu, alipata kimoja kilichofanya kazi mara 256 zaidi ya kile cha asili. Mwaka 2018 alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia, nusu nyingine ikigawanywa kati ya George Smith na Gregory Winter.

Hesabu inaeleza kwa nini kuchagua kunashinda kukisia. Kimeng'enya chenye asidi amino 300 kina njia 5,700 za kubadilishwa mahali pamoja tu. Mahali pawili pakibadilishwa kwa wakati mmoja, njia hupita milioni 16. Hakuna maabara inayoweza kuzijaribu zote moja moja, lakini hatua ndogo zinazofuatana huweza kufika mbali.

Mfano wa amoxicillin

Kwa ajili ya amoxicillin, viwanda hutumia vimeng'enya viwili vinavyopokezana. Kwanza huundwa kemikali ya jamii ya hydantoin, yenye maumbo yote mawili. Kimeng'enya cha kwanza hufungua pete ya umbo la D pekee. Umbo la L linalobaki hujigeuza polepole ndani ya maji yenye magadi na kuwa mchanganyiko tena, hivyo nalo hatimaye hutumika. Badala ya kupoteza nusu, karibu mali yote huwa faida.

Kimeng'enya cha pili, kutoka kwa bakteria wa jamii ya Agrobacterium, hukata kipande kinachosalia na kuiacha asidi amino iliyokamilika. Hiki kilikuwa dhaifu na kuharibiwa kwa urahisi na joto. Watafiti wa kampuni ya Kaneka ya Japani walitafuta vilivyobadilika vikawa sugu, wakagundua sehemu za protini zinazokiimarisha, na kuziunganisha katika kimeng'enya kimoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 kilikuwa kikitumika kiwandani.

Mfano mwingine ni asidi iitwayo tert-leucine, ambayo imo katika atazanavir, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya HIV iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Dawa hiyo imetumiwa pia nchini Kenya kwa wagonjwa ambao dawa za awali zilishindwa kuwafaa. Asidi hiyo imo vilevile katika nirmatrelvir, dawa ya Covid-19 iliyoanza kutumika mwaka 2021.

Kimeng'enya kinachounda tert-leucine huhitaji molekuli msaidizi ambayo ni ghali mno. Nchini Ujerumani, wanasayansi walikiunganisha na kimeng'enya cha pili, kutoka kwa hamira, ambacho hutumia chumvi ya asidi ya fomiki kumrejesha msaidizi huyo kazini tena na tena. Asidi ya fomiki ndiyo ile inayorushwa na chungu aina ya majimoto. Kimeng'enya hicho cha hamira nacho kilikuwa na udhaifu mahali fulani, na kubadilisha asidi amino moja hapo kulikifanya kidumu zaidi.

Mwaka 2015, maabara ya Arnold ilitoa mfano wa tatu. Kimeng'enya kinachounda tryptophan huwa na sehemu mbili, na moja ikitengwa hupoteza nguvu nyingi. Watafiti walichukua sehemu moja kutoka kwa kijidudu Pyrococcus furiosus, ambacho hustawi kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi, wakaifunza kufanya kazi peke yake. Vizazi vyake vilivyofuata viliweza kuunda asidi nyingi za jamii ya tryptophan ambazo hazimo katika zile 20 za kawaida, kwa hatua moja tu.

Vijidudu ni mali ya nani?

Kila kimeng'enya cha aina hii kina asili yake. Pyrococcus furiosus alitoka katika maji moto ya kisiwa cha Vulcano, Italia. Kenya nayo ina Ziwa Bogoria na maziwa mengine ya magadi katika Bonde la Ufa, ambako huishi vijidudu vinavyostahimili hali ambazo viumbe wengi hawaziwezi.

Mnamo 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilidai sehemu ya mapato ya vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa hayo, ambavyo vilikuwa vikitumika katika sabuni na kwenye nguo za jinzi. Mwaka 2007, KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafiti wa vijidudu vya humu nchini. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, inataka nchi asilia zipate fungu katika manufaa kama hayo.

Lakini ufundi huu umefanya madai hayo kuwa magumu zaidi. Kimeng'enya kilichopitia vizazi vingi vya maabara hutofautiana na babu yake. Aidha, jeni huweza kusomwa katika kompyuta na kuundwa upya mbali sana bila mtu kubeba hata kijiko cha matope ya ziwa. Kwa nchi yenye maziwa kama Bogoria, hifadhi ya vijidudu na kumbukumbu sahihi za mahali vilipotolewa ni sehemu ya kulinda haki yake, kwani mali isiyo na daftari ni vigumu kuidai.