Dirisha la Chini Linaingiza Maji? Vile Utaokoa Keja Yako Garissa Kabla Mvua Ikupate

Garissa tunajuana na jua. Miezi inapita bila tone, vumbi inajaa kila mahali, hadi unasahau paa yako iko na shimo. Alafu Gu inafika Machi, ama Deyr inafika Oktoba, na jioni moja tu unaamka kupata kiatu kinaelea chini ya kitanda.

Besmenti si nyingi huku kama Nairobi. Lakini kuna stoo za chini kwa majengo ya ghorofa, na kuna keja za zamani zenye barabara iliinuliwa hadi dirisha likabaki karibu usawa wa lami. Shida yao ni moja: maji inateremka, inapata dirisha, inaingia kama mgeni aliyealikwa. Soma hii kukiwa bado kukavu.

1. Jua ni maji gani inakutafuta

Garissa maji inakuja kwa njia mbili, na ukizichanganya utaumia.

Ya kwanza ni mvua imenyesha hapo mtaani. Inakuja kwa fujo na mara nyingi inaisha haraka. Hii unaweza kupigana nayo.

Ya pili ni Mto Tana. Huo mto unatoka huko Aberdare na Mlima Kenya, unapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndio unatufikia. Mabwawa yakijaa, maji inamwagika kuja chini. Kwa hivyo Tana inaweza kuingia kwako siku ambayo Garissa hakuna hata wingu. Hii hauzibi na silikoni, buda. Hii unahama. Tutairudia mwisho.

2. Piga hesabu ya paa yako

Wasee wengi wanalaumu dirisha na mkosaji ni paa. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwa mita mraba 1 ni lita 1. Sasa chukua paa ya mita 10 kwa 8. Mvua ya milimita 50 ikinyesha hapo, ni lita 4,000, yaani mitungi 200 ya lita 20, imemwagwa chini ya ukuta wako. Kama hauna gata, yote inachimba kando ya msingi na kutafuta dirisha.

Weka gata, elekeza paipu mbali na ukuta, ama bora zaidi ingiza kwa tangi. Hiyo ni maji ileile utakuwa unanunua kwa mkokoteni wa punda kiangazi kikirudi.

3. Tafuta penye inaingilia

Usipake kitu kabla ujue shimo liko wapi. Chukua mtungi wa maji, msee mmoja akae ndani na tochi, wewe mwaga nje pole pole. Anza chini ya dirisha, ngoja dakika kadhaa, alafu panda pembeni, alafu juu. Ukianza juu, maji itateremka na hutajua imeingilia wapi.

Mara nyingi utapata moja ya hizi: ufa kati ya fremu na ukuta, puti ya kioo imekauka na kupasuka juu ya jua kali, ama ukingo wa chini wa dirisha umelalia ndani badala ya nje. Kama ni dirisha la alumini la kusukuma, cheki vishimo vidogo chini ya fremu upande wa nje. Kazi yavyo ni kutoa maji. Huku vumbi inaviziba, reli inajaa, maji inamwagikia ndani. Vizibue na waya. Na usikubali fundi avizibe na silikoni akidhani anakusaidia.

4. Anza na nje

Hapa ndio watu wengi hupoteza doh. Wanapaka rangi ya kuzuia maji upande wa ndani, mvua moja tu rangi inabanduka. Maji ikikaa nje ya ukuta hadi kimo cha mita 1, pale chini inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 1 kwa kila mita mraba. Rangi haiwezi hiyo. Dawa ni maji isikae hapo kabisa.

Udongo kando ya ukuta uteremke kuelekea nje. Kama ua lako limelalia nyumba, jaza udongo, shindilia, alafu weka saruji juu. Usijaze hadi ufunike dirisha.

Kama dirisha liko chini ya usawa wa ardhi, jengea ukuta mdogo wa kulizunguka, unaopita usawa wa ardhi kidogo. Ndani ya hiyo nafasi weka kokoto, na chini yake paipu ya kutoa maji kwenda mtaro ama shimo la kufyonza lenye liko mbali na nyumba. Bila paipu utakuwa umejenga bakuli tu. Juu yake weka kifuniko chenye mteremko, ila kama hilo dirisha ndio njia ya kutokea moto ukitokea, kifuniko kifunguke kutoka ndani.

Na mtaro wa mtaa? Ukijaa makaratasi, kazi yako yote ni bure. Ongea na majirani, chimbueni kabla ya msimu.

5. Sasa rudi kwa dirisha

Kwangua silikoni na puti ya zamani yote. Pangusa vumbi, acha pakauke kabisa, juu silikoni haishiki kwa vumbi. Ufa mkubwa jaza na saruji na mchanga kwanza, alafu silikoni ya nje pembezoni mwa fremu. Ukingo wa chini plasta upya uteremke nje, na utokeze kidogo kupita ukuta ili tone lianguke chini, lisirudi ukutani.

6. Mvua imekupata haujajipanga

Tafuta magunia na mchanga. Usijaze gunia hadi juu. Likifika nusu ama zaidi kidogo, linalala vizuri na kuziba nafasi. Tandika karatasi ya plastiki kwanza, panga magunia kama matofali, kila moja likifunika kiungo cha yale ya chini, na uyakanyage. Ndani, inua unga, sukari, godoro na makaratasi ya maana, kama vile kitambulisho na hati ya shamba.

7. Ikishaingia, hapa ndio watu hufa

Stima kwanza. Zima swichi kubwa kabla maji ifike soketi. Kama lazima ukanyage maji kufikia swichi, wachana nayo, toka, piga Kenya Power 97771.

Usiwashe jenereta ama pampu ya petroli ndani ya stoo ya chini. Ule moshi uko na gesi hauoni wala haunusi, na inaua haraka. Mashine ikae nje mbali na madirisha, paipu pekee ndio iingie.

Na usikimbilie kutoa maji yote wakati nje bado imejaa. Ya ndani inasaidia ukuta kusimama. Ngoja ya nje ishuke, alafu toa kidogo kidogo, cheki kama ukuta umepasuka.

Hiyo maji imepitia vyoo pia. Vaa buti, osha mikono, na ya kunywa chemsha ama tia klorini. Wajir mjini chunga zaidi, juu huko maji ya ardhini iko karibu na visima ni vifupi, kwa hivyo choo kikifurika kisima kinaharibika.

8. Kama ni mto, toka

Mwisho wa 2023, El Niño ilifunika barabara kati ya Garissa na Madogo, watu wakavuka kwa mashua. Aprili 2024 maji ilirudi, na mashua moja ikazama ikiwa imebeba watu. Wengine waliokolewa, wengine wakafa.

Kwa hivyo ukiishi karibu na Tana na ukasikia Masinga limejaa, usinunue silikoni. Beba watoto, wazee na makaratasi, panda penye kumeinuka mapema, wakati barabara bado iko. Usivuke maji inayokimbia kwa miguu, hata kama haijafika goti inaweza kukuangusha. Red Cross wako kwa 1199.

Dirisha fundi atakuwekea lingine. Hesabu watu wako kwanza.