Supachaja ya kujiundia: Kinachokosekana ndani ya tabo kuukuu

FUNDI aliye na tabochaja kuukuu juu ya meza yake hushawishika upesi. Upande mmoja wa kifaa hicho mna gurudumu la mapezi linalosukumwa na moshi wa injini. Upande wa pili, kwenye shafti iyo hiyo, mna gurudumu jingine linalovuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Je, akiling'oa lile la moshi, atie puli mahali pake na kuizungusha kwa mkanda kutoka kwenye krenki, hatakuwa amejipatia supachaja kwa bei ya vyuma chakavu?

Wazo hilo limewakesha wengi wanaojiundia magari nyumbani huko Marekani, Uingereza na Australia, na wala si la kipumbavu. Supachaja nyingi za mkanda zinazouzwa madukani zina gurudumu la hewa na kasha la umbo la konokono ambavyo hata mzoefu angeweza kudhani vimetoka kwenye tabo. Tofauti imejificha nyuma ya kasha, na hiyo ndiyo inayogharimu pesa.

Kiini cha tofauti hiyo ni kasi. Gurudumu la hewa lenye kipenyo cha milimita 60 huhitaji kuzunguka takriban mara 100,000 kwa dakika ili kuongeza shinikizo la karibu baa 0.8. Katika kasi hiyo ncha za mapezi yake hukimbia zaidi ya mita 300 kwa sekunde, mwendo unaokaribia ule wa sauti. Krenki ya gari la kawaida, hata ikikanyagiwa mafuta vilivyo, huzunguka mara 6,000 hivi. Puli ya milimita 150 kwenye krenki na nyingine ya milimita 50 kwenye shafti ya tabo zitaiongeza kasi hiyo mara tatu tu, yaani 18,000.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kasi ya 18,000 italeta karibu sehemu ya tano ya shinikizo lile. La hasha. Shinikizo hufuata mraba wa kasi: ukipunguza kasi kwa nusu, shinikizo hubaki robo. Kwa hesabu hiyo, fundi wetu atapata pungufu ya baa 0.03, kiasi ambacho kichujio cha hewa kilichojaa vumbi kinaweza kukimeza chote. Akipunguza zaidi puli ndogo, mkanda utakosa pa kushika, utateleza na kuungua. Hata ile puli ya milimita 150 tayari huukimbiza mkanda mita 47 kwa sekunde, sawa na kilomita 170 kwa saa.

Tangu Alfred Büchi wa Uswisi alipopata hataza ya wazo la tabo mwaka wa 1905, faida kubwa ya moshi imekuwa ni hii, kwamba hauhitaji gia. Anayeuacha moshi na kushika mkanda hana budi kutafuta kitu cha kuzidisha kasi. Robert Paxton McCulloch wa Marekani alitumia mipira ya chuma iliyobanwa kati ya njia zake, ikazidisha kasi zaidi ya mara nne bila jino hata moja la gia. Supachaja za kampuni yake ziliuzwa zikiwa ndani ya magari ya Ford Thunderbird na Studebaker Golden Hawk ya mwaka wa 1957. Rotrex ya Denmark nayo hutumia magurudumu laini yanayosuguana ndani ya mafuta maalumu, na baadhi ya supachaja zake huzidisha kasi zaidi ya mara 12. Kampuni nyingine hutumia gia za kawaida zilizochongwa kwa usahihi mkubwa.

Tatizo la pili ni beringi. Katika tabo nyingi, shafti, ambayo kwenye magari madogo ina unene wa karibu penseli, huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta yanayosukumwa na pampu ya injini. Moshi huizungusha bila kuivuta upande wowote. Mkanda ulaokazwa sawasawa huivuta kando bila kukoma, utando ukapasuka, na chuma kikakutana na chuma. Isitoshe, gurudumu la moshi limeunganishwa na shafti kiwandani, na vyote vikasawazishwa pamoja. Ukilikata, umeharibu usawazisho huo. Vizuizi vya mafuta navyo hutegemea msukumo wa gesi kutoka pande zote mbili. Upande mmoja ukiachwa wazi, mafuta huanza kuvuja.

Kwa hivyo anayetaka kufaulu hutupa sehemu ya katikati ya tabo na kubakisha gurudumu la hewa na kasha lake pekee. Hukereza shafti mpya nene, akaiweka juu ya beringi za gololi zinazostahimili kasi kubwa, kisha akaisawazisha kwenye mashine. Na afadhali achague tabo ya lori. Gurudumu la milimita 100 hufikia kwa mizunguko 60,000 mwendo wa ncha ambao lile dogo hulazimika kuzunguka mara 100,000 kuufikia. Akizidisha kasi ya krenki mara saba, kwa hatua mbili, atapata mizunguko 42,000 na shinikizo la takriban baa 0.3.

Je, baa 0.3 ni kitu? Kwa mkazi wa Nairobi, ndiyo. Mji huo uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu ya lile la Mombasa kwa takriban asilimia 18. Supachaja hiyo ingefidia upungufu wote na kuacha ziada kidogo. Lakini hewa inayoshindiliwa hupata joto, hapa nyuzi 35 hadi 40 zaidi, na hewa ya moto hutanuka. Bila kipoza hewa, karibu ziada yote hupotea, na gari la Nairobi huishia kuvuta hewa kama lilivyo la Mombasa lisilo na supachaja.

Hewa ikiongezeka, petroli nayo sharti iongezwe na muda wa cheche kurudishwa nyuma. Wanaopuuza hili husikia injini ikigonga, na baada ya muda si mrefu hutoa pistoni zilizotoboka.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kupasuka kwa gurudumu. Kasha la kiwandani hutengenezwa likitazamia kuvizuia vipande. Bamba lililochomelewa gereji halina dhamana hiyo. Jaribio la kwanza hufaa kufanywa nje ya gari, kwa mota ya umeme, nyuma ya ukuta wa chuma kizito, bila mtu kusimama sambamba na gurudumu. Na iwapo upande wa moshi wa tabo ile bado ni mzima, kuiunganisha na bomba la ekzosi kama ilivyoundwa huhitaji njia ya mafuta na uchomeleaji wa bomba, kazi ndogo mno ikilinganishwa na kuchonga gia.