Aliyesubiri Jibu: Historia ya Kujisomea Kiingereza Nyumbani Afrika Mashariki

Ali Hassan Mwinyi, kabla hajawa waziri na hatimaye Rais wa Tanzania, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijiendeleza kwa njia ya posta ili apate cheti cha elimu ya sekondari, na baadaye akapata stashahada ya Kiingereza ya Regent Institute ya London, nayo kwa posta. Miaka hiyohiyo Tom Mboya, akiwa mkaguzi wa afya katika jiji la Nairobi, alijiandikisha na Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini, kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Wasifu wa viongozi wa kizazi kile umejaa habari za namna hii, na karibu kila mara husimuliwa kwa maana moja: kijana maskini, taa ya chemli, nia isiyoyumba. Nia hiyo ilikuwepo na inastahili heshima. Ninachokipinga ni kuifanya iwe maelezo yote. Tukiwafuatilia watu waliojifunza Kiingereza majumbani mwao Afrika Mashariki katika karne iliyopita, tunaona kwamba ratiba zao zilidumu hasa pale palipokuwa na mtu wa upande wa pili aliyesubiri jibu lao. Alipokosekana huyo, bidii ileile ilififia, na hakuna aliyeandika wasifu wake.

Chimbuko la kozi za posta linaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1837 Isaac Pitman alichapisha Uingereza kitabu cha hatimkato ambacho yeyote angeweza kukinunua na kujifunza peke yake. Miaka mitatu baadaye, gharama ya kutuma barua ndani ya nchi iliposhushwa hadi peni moja, alianza kuwafundisha watu hatimkato hiyohiyo kwa posta kutoka mji wa Bath. Somo lilikwisha kuwamo kitabuni. Alichoongeza Pitman mwaka 1840 ni kusahihisha. Mwanafunzi alinakili aya, akaituma, ikamrudia ikiwa na makosa yake yameonyeshwa. Vyuo vya posta vilivyofuata, kama Wolsey Hall ya Oxford iliyoanzishwa mwaka 1894, vilisimama juu ya msingi huo, navyo vilipata nguvu zaidi kwa kuwa Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimefungua mitihani yake tangu mwaka 1858 kwa watu wasiosoma London. Hivyo mwanafunzi wa mbali akawa na watu wawili wanaomsubiri: msahihishaji na mtahini.

Utaratibu huo ulipofika kwetu ulikutana na mazingira yaliyouongezea uzito. Barua kutoka Ulaya ilichukua wiki kadhaa kwa meli, na hata baada ya ndege za Imperial Airways kuanza kuleta barua hadi Kisumu na Mwanza mwaka 1931, zoezi lililotumwa halikurudi upesi. Kwa mtazamo wa leo huo ni udhaifu mtupu. Lakini fikiria kilichofanyika kabla ya bahasha kufungwa. Stempu ilinunuliwa kwa fedha, ada ya kozi ililipwa kwa awamu kutoka katika mshahara mdogo, na jibu lingechelewa. Basi mtu hakutuma sentensi aliyoitilia shaka. Aliisoma tena, akaipekua kamusi, akaiandika upya kwa mwandiko safi. Sehemu kubwa ya kujifunza ilifanyika katika marudio hayo. Isitoshe, barua hazikuletwa mlangoni. Zilipitia sanduku la posta, na mara nyingi sanduku hilo lilikuwa la misheni, la shule au la mwajiri. Kwa hiyo padri, mwalimu mkuu au karani mwenzake alijua kwamba fulani anasoma, na bahasha isipofika kwa miezi miwili, alijua pia. Ratiba ya mtu mmoja ilikuwa na mashahidi hata kama hakuwatafuta.

Waliojaribu kusoma kwa vitabu peke yake walikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu zana zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili yao. Kamusi za A. C. Madan, ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1903, zilitokana na kazi ya mishenari waliohitaji kukielewa Kiswahili. Kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939, zilizoandaliwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, ziliendeleza kazi hiyo. Mswahili aliyezitumia kujifunza Kiingereza alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma: alipata maana ya neno, lakini hakuonyeshwa linavyotamkwa, katika lugha ambayo maandishi yake hayaaminiki hata kidogo kuhusu sauti. Ilimlazimu kusubiri hadi mwaka 1996, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili. Miaka zaidi ya mia moja ilipita kati ya kamusi ya kwanza ya Madan na hiyo. Anayewalaumu wazee kwa kusoma Kiingereza cha macho kisichotoka mdomoni ayakumbuke hayo.

Kuna hoja inayopinga maelezo yangu, nayo ni nzito: kwamba kilichowashikilia watu ni malipo, wala si msahihishaji. Mtu alisoma kwa sababu Kiingereza kilipandisha cheo. Ushahidi wake unaanza mapema. Chini ya Wajerumani utawala wa Tanganyika ulikuwa umekijenga Kiswahili kuwa lugha ya makarani, maakida na walimu, kuanzia kwenye shule ya serikali ya Tanga ya miaka ya 1890. Utawala ulipohamia kwa Waingereza, mafaili ya ngazi za juu yakahamia kwenye Kiingereza, na watu wazima wenye kazi na familia wakajikuta wanahitaji lugha nyingine baada ya saa za ofisi. Waliokwisha kukijua, kama Martin Kayamba aliyesoma Kiungani, Unguja, walipanda haraka. Kayamba alikuwa karani mkuu Tanga, na ndiye aliyeongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini humo mwaka 1922. Baada ya uhuru kishawishi kilikua maradufu, kwa kuwa nafasi zilizoachwa na wageni zilihitaji watu wenye vyeti. Yote hayo ni kweli. Lakini malipo yanaeleza kwa nini watu walianza. Hayaelezi kwa nini baadhi walimaliza. Kuacha njiani kumekuwa tatizo sugu la elimu ya posta duniani kote, na Afrika Mashariki haikunusurika. Aliyeacha na aliyemaliza waliahidiwa cheo kilekile na mshahara uleule. Tofauti yao lazima itafutwe mahali pengine.

Waliopewa jukumu la kupanga elimu hii baada ya uhuru walilielewa jambo hilo, na mipango yao ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu za mtu yeyote. Mwaka 1967 Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kilianzisha kitengo cha kozi za posta huko Kikuyu, hasa kwa walimu wasio na sifa kamili. Hakikuwatumia vijitabu na kuwaacha: masomo yaliyochapishwa yaliambatana na vipindi vya redio na mafunzo mafupi ya kukutana ana kwa ana wakati wa likizo. Tanganyika, Chuo cha Ushirika cha Moshi kilichoanzishwa mwaka 1963 kilijenga kozi zake za posta sambamba na vikundi vya kusoma ndani ya vyama vya ushirika. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam iliongeza elimu kwa njia ya posta mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kiingereza kikiwa miongoni mwa masomo. Na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ingawa ilikuwa ya Kiswahili na ya afya, ilithibitisha kanuni hiyo kwa kiwango kisichowahi kuonekana: watu wapatao milioni mbili walifuata masomo ya redio wakiwa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi, kijitabu na saa yake. Redio hiyo ingeweza kusikilizwa na kila mmoja peke yake sebuleni. Wapangaji hawakuiamini sebule.

Redio ya Kiingereza yenyewe ilikuwa na historia tofauti kidogo. BBC ilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943 na idhaa ya Kiswahili mwaka 1957. Redio iliziba pengo ambalo kamusi ililiacha, yaani sauti, na saa ya kipindi haikumsubiri mtu. Ukichelewa somo limepita. Hiyo ni nidhamu ya aina yake. Hata hivyo redio haikusikia jibu. Msikilizaji angeweza kutamka neno vibaya kwa miaka kumi akiridhika kwamba anamfuata mtangazaji. Ndiyo maana naiweka redio chini ya posta kama mlezi wa ratiba, ingawa kama mwalimu wa sikio haikuwa na mshindani katika vijiji vyetu.

Pingamizi la pili linatoka kwenye kambi za kizuizini za Kenya wakati wa Hali ya Hatari. J. M. Kariuki alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi wafungwa wa Mau Mau walivyopanga masomo yao wenyewe kambini, wanaojua wakiwafundisha wasiojua. Hapo hapakuwa na chuo wala msahihishaji wa London, na cheti kilikuwa ndoto. Je, si ushahidi wa nia tupu? Naona kinyume chake. Wakiwa wamenyang'anywa karibu kila kitu, watu hao hawakukaa kila mmoja kwenye kona yake na karatasi aliyoificha. Waliunda madarasa, yenye mwalimu na mwanafunzi. Kitu cha kwanza walichokijenga upya ni mtu wa kumsubiri mwenzake.

Kuna upande ambao simulizi za taa ya chemli hazitaki kuugusa. Majina yaliyohifadhiwa ya waliojisomea Kiingereza nyumbani ni ya wanaume, karibu yote. Saa mbili za usiku za karani au mwalimu zilipatikana kwa sababu kuna mtu mwingine aliyeteka maji, aliyepika, aliyewalaza watoto na kuwanyamazisha ili baba asome. Mke huyo naye alikuwa sehemu ya utaratibu uliomshikilia msomaji, bila jina lake kuandikwa popote na bila kupata saa yake mwenyewe. Tukisema kwamba wanawake wachache walijisomea kwa sababu hawakuwa na hamu, tunarudia kosa lilelile la kuichukulia nia kuwa kila kitu. Muda wa kujisomea nyumbani uligawanywa kama mali nyingine za nyumbani, na mgawanyo huo haukuwa wa haki.

Tanzania inatoa somo la uchungu zaidi. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi, uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote, lakini sekondari ikabaki na Kiingereza. Mtoto wa darasa la saba alitakiwa avuke kutoka lugha moja kwenda nyingine karibu bila daraja. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa cha chini mno kuweza kubeba masomo. Matokeo yake ni kwamba mzigo wa kujifunza lugha uliachiwa nyumba: kijana asome peke yake usiku lugha ambayo mchana inatumika kumfundishia kemia. Kwa watoto wa wenye nazo kukawa na twisheni. Kwa wengine kukabaki ushauri wa kuongeza bidii. Kumwambia mtoto aongeze bidii wakati umemnyima msahihishaji ni kumtwika kosa lisilo lake, na taifa letu limefanya hivyo kwa vizazi viwili.

Watasema sasa tatizo limekwisha kwa sababu ya simu. Kweli, simu imeshinda zana zote za zamani kwa wingi wa masomo na kwa sauti. Programu nyingi husahihisha papo hapo na hukumbusha kila jioni. Lakini kikumbusho cha mashine hakimvunji moyo mtu yeyote kikipuuzwa, na sahihisho lisilogharimu kitu halimfanyi mtu aisome sentensi yake mara mbili kabla ya kuituma. Vinavyoukaribia utaratibu wa posta ni vikundi vya WhatsApp ambamo mwalimu anasikiliza sauti zilizorekodiwa na kumjibu kila mmoja kwa jina. Hata bila mwalimu jambo linawezekana: wawili wa mtaa mmoja wanaobadilishana ukurasa mmoja wa maandishi kila Jumamosi, kila mmoja akiwa na kalamu nyekundu na kamusi ya mwaka 1996, wanacho karibu kila alichokuwa nacho mwalimu wa Unguja wa mwaka 1950, isipokuwa mtihani wa London. Na kwa watahiniwa wa kujitegemea Baraza la Mitihani la Tanzania nalo lina tarehe yake ya mtihani.