Kurasa kubwa za kumbukumbu katika simu: Faida na gharama zake

Mkaazi wa Kinyinya, sekta ya wilaya ya Gasabo jijini Kigali, anapofungua programu ya kutuma fedha katika simu ya Android, kiini cha mfumo endeshi huigawia programu hiyo sehemu ya kumbukumbu. Kumbukumbu hugawiwa kwa vipande vya ukubwa sawa viitwavyo kurasa.

Kwa miaka mingi ukurasa mmoja wa Android ulikuwa wa kilobaiti 4, ukubwa uliotumiwa pia na prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985, zama za kompyuta zenye kumbukumbu ndogo. Leo simu yenye gigabaiti 4 ina kurasa zaidi ya milioni moja. Prosesa hukariri mahali zilipo kurasa chache tu katika jedwali dogo. Ukurasa usiokuwemo hutafutwa kwingine, na muda hupotea.

Android 15, iliyotolewa mwaka 2024, iliruhusu kurasa za kilobaiti 16. Kurasa za simu hiyo hupungua hadi 262,144, na kila nafasi ya jedwali huhudumia eneo kubwa mara nne. Kwa mujibu wa Google, utendaji huongezeka kwa asilimia 5 hadi 10, lakini kumbukumbu inayotumika huongezeka kwa takriban asilimia 9.

Ongezeko hilo lina sababu. Data ya kilobaiti 6 huchukua kurasa mbili ndogo na kuacha kilobaiti 2 bila kazi. Katika ukurasa mkubwa, kilobaiti 10 hubaki tupu. Simu yenye kumbukumbu haba ndiyo huumia zaidi.

Watengenezaji nao wana wajibu. Programu zenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha za C au C++ huhitaji kuundwa upya. Tangu Novemba 1, 2025, duka la Google Play linazitaka programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 au toleo la baadaye kukubali kurasa hizo.

Ukubwa wa ukurasa huamuliwa kiini kinapoundwa, si na mwenye simu. Programu iliyoundwa upya huendelea kufanya kazi katika simu za kilobaiti 4, hivyo mabadiliko haya pekee hayamlazimu mtu kununua simu mpya. Hatari iko upande wa pili: programu iliyotelekezwa na mtengenezaji wake huenda isifunguke katika simu mpya.