Je, Kamera ya Majini Inamfaa Mvuvi wa Ziwa?

Wewe uliyelikosa somo hili redioni, au uliyelisikia ukataka kulirudia polepole, hapa limepigwa chapa kama lilivyosemwa. Ikiwa una ramani ya Tanzania, iweke mbele yako, utie kidole juu ya Tabora, kisha ukivute kuelekea magharibi mpaka Ujiji.

Swali la leo ni la mfukoni. Siku hizi huuzwa kamera ndogo inayofungwa mwisho wa waya mrefu. Mvuvi huishusha majini, naye hukaa juu akitazama picha katika kioo kidogo alichoshika mkononi. Tuseme wavuvi wanane wa Ujiji wameweka akiba mwaka mzima. Mmoja wao anataka fedha ile inunue kamera, ili waone samaki waliko kabla ya kutupa wavu. Wengine wanataka taa mpya na betri. Fedha haitoshi kwa vyote viwili, na wakikosea watapita msimu mzima hali taa zao ni mbovu. Je, tuwashauri nini?

Utauliza, swali la wavuvi limeingiaje katika somo la historia, tena linaloanzia Tabora, mji ambao hauko kando ya ziwa? Ni kwa sababu watu wamejaribu kuona ndani ya Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka 160, kwa macho, kwa kamba, kwa sauti na kwa taa, na wengi wa wale wageni wa kwanza walipumzika Tabora kabla ya kulifikia. Yaliyowapata yanatosha kumfundisha mtu kabla hajafungua mfuko wake.

Tuanze na msafara wa Burton na Speke. Waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Hapo walikaribishwa vema na Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, wakakaa majuma kadhaa kabla ya kushika njia ya Ujiji pamoja na wapagazi wao. Njia ile iliwatesa. Burton hakuweza kutembea kwa ugonjwa wa miguu, ikabidi achukuliwe kwa machela. Speke naye alishikwa na ugonjwa wa macho. Tarehe 13 Februari 1858 walipanda kilima cha mwisho, na huko chini kati ya miti Burton akaona kitu kinang'aa. Akamwuliza kiongozi wao, Sidi Mubarak Bombay, ni nini kile. Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru, akamjibu kwamba kwa maoni yake yale ni maji. Na Speke, aliyetembea miezi minane kutoka pwani ili alione ziwa lile? Hakuona kitu ila ukungu na mng'aro. Alisimama mbele ya ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, lenye urefu wa kilomita 670 hivi, naye hana macho ya kulionea.

Sasa tazama lililompata Livingstone mwaka 1869. Alikuwa akivuka ziwa kutoka Ujiji kwenda ng'ambo ya magharibi, na alipokuwa mbele ya mlima wa Kabogo akataka kupima kina. Chombo chake kilikuwa bildi, kama ile ya mabaharia wetu wa pwani: kipande cha risasi mwisho wa kamba. Desturi ni kuipaka risasi ile mafuta mgando upande wa chini, ili ikigusa chini irudi na mchanga au tope lililoganda, na hiyo ndiyo dalili kwamba imefika. Livingstone akateremsha kamba yake pima 326, yaani karibu mita 600. Akaanza kuivuta. Kamba ikakatika.

Fikiri hasara ile. Hakupoteza kamba na risasi tu, alipoteza na ushahidi. Hesabu ya pima alikuwa nayo, lakini mchanga au tope la kuthibitisha hakuuona. Na hata kama angekuwa na kamera ya leo isingemsaidia, kwa kuwa kule chini ni giza tupu. Mwanga wa jua hufifia upesi ndani ya maji. Rangi nyekundu hutoweka kwanza, katika mita chache tu za juu, kisha nyingine hufuata. Ukishusha kamera pamoja na taa yake, taa ile humulika vumbi la majini, nawe huona mita chache mbele yako, kama mtu anayetembea katika ukungu na kurunzi.

Lakini yako maswali ambayo jicho huyamaliza mara moja. Burton na Speke walitaka sana kujua habari za mto Rusizi, ulio kaskazini ya ziwa: je, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Mwaka 1858 walikwenda kwa mitumbwi mpaka Uvira, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia, nao wakarudi bila kuuona. Ubishi ukaendelea Ulaya miaka mingi, wazee wenye ndevu wakigombana juu ya ramani. Mwezi wa Novemba mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakatoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni mwa mto, wakatazama maji. Yanaingia. Wenyeji walisema kweli tangu mwanzo. Baadaye wawili hao wakasafiri mpaka Unyanyembe, na ile tembe ya Kwihara karibu na Tabora, Livingstone alimokaa mpaka Agosti 1872, ni nyumba ya makumbusho leo.

Basi shika tofauti hii. Kwa swali la Rusizi macho yalitosha, kwa sababu waliotazama walikuwa wamekwisha kufika mahali penyewe na waliuliza jambo moja tu. Kwa swali la kina hayakufaa kitu.

Kina kilipatikana kwa sauti. Mwaka 1946 na 1947 wataalamu wa Kibelgiji walichunguza ziwa, na ramani ya kina iliyochorwa na Capart ikatolewa mwaka 1949. Chombo chao hupeleka mlio chini, kisha husikiliza mwangwi wake. Sauti hukimbia ndani ya maji karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Mahali penye kina kikubwa kuliko pote, kama mita 1,470, mlio huteremka na kurudi kwa muda wa sekunde mbili hivi. Kazi iliyomkatia Livingstone kamba yake ikawa jambo la kufumba na kufumbua.

Chombo cha mwangwi hakikosi upungufu. Hukuambia kuna kitu, wala hakikuambii ni kitu gani. Mwezi wa Aprili mwaka 1951 manowari ya Kiingereza ya kwenda chini ya maji, jina lake Affray, ilizama pamoja na watu 75. Ilitafutwa kwa mwangwi karibu miezi miwili, na kila mara vyombo vilionyesha kitu, kumbe ni meli nyingine iliyozama zamani. Mwisho, mwangwi ulipoonyesha kitu kingine, wakashusha kamera ya televisheni, na jina la Affray likasomeka ubavuni. Kamera haikuitafuta manowari ile baharini. Ilionyeshwa mahali, ikathibitisha.

Tena, kuona si kufahamu. Mwaka 1883 Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama aliyekaa katika kituo cha Wajerumani kusini ya Tabora, alifika ziwani akaona konyeza, yule mnyama laini wa majini aliye kama mwavuli mdogo wa utelezi. Konyeza hujulikana zaidi baharini. Basi Mwingereza Moore, aliyekuja kulichunguza ziwa miaka ya 1890, akashika fikira kwamba Tanganyika zamani iliungana na bahari. Konyeza yupo kweli, hata leo mtu aweza kumwona kutoka mtumbwini. Ila bahari ile haikuwako, na uchunguzi uliofuata ukaipindua fikira hiyo. Mvuvi anayemwona samaki katika kioo chake na kudhani amekwisha kumpata, huyo ni ndugu yake Moore.

Sasa tuwarudie wale wanane wa Ujiji. Wanavua nini? Dagaa, na migebuka wanaowafuata dagaa ili kuwala. Hao ndio riziki ya ziwa, na tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 dagaa waliokaushwa wamekuwa wakipanda gari la moshi kuja Tabora na kupita. Mchana dagaa hushuka chini, usiku hupanda juu. Kwa hiyo huvuliwa usiku, tena usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Wazee waliwasha moto wa kuni mtumbwini, wakawachota dagaa kwa wavu wa lusenga. Baada ya hapo zikaja karabai, na siku hizi taa za betri. Uone akili iliyomo. Mzungu aliteremsha kamba kwenda kumtafuta samaki alipo, mvuvi wa Ujiji aliwasha moto, samaki akaja mwenyewe. Aliyeletwa na taa mpaka chini ya ubavu wa mtumbwi, kamera ya nini?

Na wale wasiokuja kwenye taa? Hapa elimu ya wataalamu inafaa. Chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na 200 upande wa kusini, maji ya ziwa hili hayana hewa ya kutosha kwa samaki. Kina chote kilichobaki, zaidi ya kilomita moja kwenda chini, hakina samaki hata mmoja wa kuvuliwa. Bildi ya Livingstone ilipita mbali chini ya nyumba ya samaki wa mwisho. Mtu akikuuzia waya mrefu mno kwa bei kubwa, mkumbushe habari hiyo.

Kamera hizi zimependwa zaidi katika nchi za baridi, kama Kanada, Ufini na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Huko maziwa huganda, barafu huwa nene hata mtu aweza kutembea juu yake, naye hutoboa tundu, akakaa kitini na kushusha mshipi. Tazama faida alizo nazo. Hasukumwi na mawimbi, wala chombo chake hakichukuliwi na mkondo. Upepo haufiki majini ili kuyakoroga, kwa hiyo mara nyingi maji ni safi. Waya hushuka wima, chambo kiko mita chache tu chini yake, na swali lake ni dogo: je, tundu hili lina samaki au nihame? Huyo kamera yaweza kumfaa, kwa sababu amekaa juu ya mahali pamoja kama Livingstone kwenye mdomo wa Rusizi. Jambo la kuchekesha ni kwamba hao Wafini, mabingwa wa kuvua kwenye barafu, waliposaidia uchunguzi mkubwa wa Tanganyika katika miaka ya 1990, hesabu ya samaki wa katikati ya ziwa ilitafutwa kwa mwangwi.

Nisije nikaonekana mchoyo. Kando ya ziwa penye mawe, maji ya Tanganyika ni safi ajabu, pengine huona hata mita 20. Huko wanakaa samaki wa jamii ya sato na perege, aina zaidi ya 200, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekaa Bujumbura, alipiga mbizi na wenzake kati ya mawe hayo, na kitabu chake juu ya samaki wa ziwa kilitoka mwaka 1978. Kwa mwalimu, kwa mtaalamu, kwa mvuvi ambaye wavu wake umenasa kwenye jiwe, kamera hapo ni msaada wa kweli. Na mwenye mshipi akimwona kuhe, dume na jike, wanalinda watoto wao juu ya mchanga, atajua kwamba hapo si pa kutupia ndoana.

Lakini upungufu wa samaki kamera haiwezi kuuponya. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hata hayachanganyiki vema na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Tanganyika miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Mahali ambapo samaki wamepungua, kioo kitakuonyesha maji matupu kwa uwazi zaidi.

Kwa hiyo wale wanane, shauri langu ni taa. Na wewe wa Tabora, unayekwenda bwawani siku ya mapumziko na mshipi wako kutafuta kambale na perege, usinunue kamera kabla ya kufanya jaribio ambalo Padre Angelo Secchi wa Italia alilifanya baharini mwaka 1865. Chukua sahani nyeupe ya bati. Itoboe, ifunge kamba katikati, na chini yake ning'iniza jiwe. Iteremshe majini polepole wakati wa mchana, upande wenye kivuli, mpaka isionekane tena. Shika kamba hapo, ivute, upime. Urefu huo ndio kadiri ya uwezo wa macho katika maji yale, ya kwako au ya kamera. Katika maji ya udongo ya masika sahani itapotea kabla kiwiko chako hakijalowa.