UPEPO NA NDEGE WA MOWLEM

Mowlem ni mtaa wa Eastlands, mashariki ya jiji la Nairobi, katika eneo bunge la Embakasi Magharibi, jirani na jaa la Dandora lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo ndilo asili ya umaarufu wa ndege wa pande hizi.

Pepo

Huvuma zaidi kutoka mashariki: kaskazi tangu Desemba hata Machi, kisha kusi, ambayo mwezi wa Julai huleta mawingu mazito na baridi.

Kongoti na mwewe

Kongoti, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hupita mita 2.5, ni mzito mno kupiga mbawa kutwa nzima. Kwa hiyo asubuhi husimama juu ya taka, mabega juu na shingo ndani, mfano wa karani mstaafu angojaye malipo yake, hata jua litie moto mabati na lami, hewa ya joto ianze kupanda, naye ajitupe ndani yake, azunguke pasipo kutikisa bawa mpaka awe nukta, ndipo ateleze kwenda atakako. Siku za Julai, jua likifichwa, huchelewa kupaa. Wengi humwita mchafu, ilhali angani hana mpinzani wa haiba.

Mwewe ni mwepesi, na mkia wake wa panda huupindapinda kama usukani. Akielekea upepo huweza kutulia hewani juu ya meza ya muuza mutura, kisha hushuka na kunyakua pande la nyama kabla kisu hakijainuliwa. Moshi wa jaa ukigeuka, waliotua juu ya paa nao hugeuka, maana ndege hupenda kuelekeza kifua upepo utokako, manyoya yasifumuke. Na kutua pia hutua hivyo, kama ndege za abiria.

Kunguru ni wengi.

Wageni wa msimu

Kozi wa Amur, azaliwaye mashariki ya Asia, hupita Bara Hindi, akavuka Bahari ya Arabu kwa msaada wa upepo wa nyuma, na baina ya Novemba na Desemba hupitia Kenya akifuata mvua na kumbikumbi, akielekea kusini mwa Afrika. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu huwanasa wahamiaji usiku wa ukungu, wakawavika pete miguuni na kuwaachilia.

Mimea na wadudu

Mahindi huchavushwa kwa upepo. Nzige walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 walisafiri nao vilevile.

Hali ya sasa

Kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, upepo uliitundika mitini na katika nyaya za umeme, na mwewe, ambaye hutandika tundu lake kwa matambara na makaratasi, hakuibagua. Jaa lenyewe lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Lingali likipokea malori, na kongoti wangali juu yake.